Kufundisha kijiji matumizi salama ya dawa: mhudumu wa afya, duka la dawa, redio au shule?

Kamati ya afya ya kijiji imekaa na kukubaliana kwamba watu wanameza dawa kiholela na kwamba ni lazima wafundishwe. Makubaliano yanaishia hapo. Mmoja anataka wahudumu wa afya wapite nyumba kwa nyumba. Mwingine anasema mwenye duka la dawa ndiye anayejua watu wanameza nini. Wa tatu ana mtu wake kwenye redio ya wilaya, na mwalimu mkuu anasema wapeni watoto elimu hiyo, wataifikisha nyumbani. Fedha iliyopo inatosha jambo moja, labda moja na nusu.

Makala hii inawalenga walio kwenye kikao cha namna hiyo: wenyeviti wa vijiji na vitongoji, waganga wafawidhi wa zahanati, makatibu wa vikundi, asasi ndogo zinazofanya kazi vijijini Tanzania. Njia zote nne nitazipima kwa vigezo vilevile, kisha tuone ipi inakaa wapi.

Kabla ya hapo niseme msimamo wangu. Somo la "usimeze dawa yoyote bila kwenda hospitali" halifai kufundishwa kijijini. Mama anayeishi mwendo wa saa mbili kutoka zahanati, mtoto akachemka homa saa nane za usiku, atampa kitu. Ukimwambia asimpe chochote, hujamfundisha; umemfundisha tu kukuficha. Kinachofundishika ni mpaka: nini kinatibika nyumbani, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na ni dalili ipi ikionekana panadol inawekwa chini na safari inaanza hata kama ni usiku.

Somo lenyewe, kwa njia yoyote mtakayochagua

Kosa la kwanza la miradi mingi ni kubishania njia kabla ya kukubaliana somo. Mimi ningeanza na mambo haya, yote yawe yamepitiwa na mganga wa zahanati yenu.

Parasetamo, ambayo wengi tunaiita panadol hata ikiwa ya kampuni nyingine: mtu mzima anameza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, na jumla isizidi vidonge 8 ndani ya saa 24. Ikizidi inaharibu ini, na siku ya kwanza mtu anaweza asihisi chochote. Dawa nyingi za mafua zina parasetamo ndani yake, kwa hiyo anayemeza panadol pamoja na dawa ya mafua anaweza kuwa anameza dawa ileile mara mbili bila kujua. Hii ndiyo sababu ya kufundisha watu kusoma jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo, si jina kubwa la kibiashara.

Kuhara kwa mtoto: pakiti moja ya ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini) kwenye lita moja kamili ya maji safi, inywewe ndani ya siku hiyo, na zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Flagyl na antibayotiki nyingine hazina kazi kwenye kuhara kwa kawaida. Kuhara damu ni habari nyingine, na hiyo ni ya zahanati.

Homa: pima kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu kwa tone la damu la kidoleni ndani ya dakika chache, na homa nyingi hazitokani na malaria. Ikithibitika ni malaria, dawa mseto ni dozi 6 kwa siku 3, zinazokadiriwa kwa uzito. Mtu mzima ni vidonge 4 kila mara, jumla 24. Dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza, na ni vizuri kula kitu chenye mafuta kidogo. Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vinaendelea.

Mafua na kikohozi cha kawaida vinatokana na virusi, na vidonge vya rangi mbili, yaani antibayotiki, havigusi virusi. Diklofenaki na ibuprofeni si za kumpa mjamzito, wala mwenye vidonda vya tumbo, wala mwenye tatizo la figo, hata kama jirani zilimtuliza mgongo.

Halafu dalili za hatari, ambazo kila mlezi azijue kwa moyo: mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki. Ongeza kupumua haraka na kifua kubonyea ndani anapovuta pumzi. Hapo hakuna dawa ya dukani.

Vigezo vitano

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa: njia hii inafika pale uamuzi unapofanyika? Kuna vijiji ambako dawa inaamuliwa nyumbani, kwenye kopo la vidonge vilivyobaki. Kuna ambako inaamuliwa kaunta. Kuna ambako inaamuliwa siku ya mnada, mbele ya mtu aliyetandika turubai chini.

Cha pili, anayefundisha anaaminiwa kiasi gani, na ana maslahi gani katika jibu atakalotoa?

Cha tatu, msikilizaji anaweza kuuliza? Swali la dawa karibu kila mara ni la mtu mmoja: mtoto wangu ana kilo ngapi, mimi nina mimba, mume wangu anakunywa pombe.

Cha nne, gharama ya mwezi wa kumi. Siku ya uzinduzi fedha huwa ipo.

Cha tano, mtajuaje kwamba watu wamebadilika?

Njia ya kwanza: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nyumba kwa nyumba

*Inafika wapi.* Hakuna anayekaribia kopo la dawa kuliko yeye. Januari 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294, yaani wawili kwa kila kitongoji na mtaa. Pale mpango ulipokwisha kufika, tayari kuna mtu aliyefundishwa, anayejulikana na anayepita.

Ziara moja nzuri haihitaji hotuba. Mhudumu anaomba aoneshwe dawa zote zilizomo ndani. Zinatoka: nusu bahasha ya amoksilini ya mtoto aliyepona Pasaka, vidonge vinne vya mseto, vidonge vyeupe visivyo na bahasha wala jina, chupa ya dawa ya kikohozi iliyofunguliwa mwaka jana. Wanakaa na mama wanazipanga mkekani. Zinazojulikana na hazijaisha muda zinaandikwa vizuri na kuwekwa mbali na watoto. Zisizojulikana na zilizopita muda zinakwenda zahanati zikateketezwe huko, hazitupwi jalalani ambako watoto wanacheza. Ndani ya nusu saa mama ameelewa kuhusu dozi zilizobaki kuliko angeelewa kwenye mkutano wa hadhara wa saa tatu.

*Anaaminiwa?* Kwa kawaida ndiyo, na hauzi kitu, kwa hiyo hana faida kwenye jibu. Nyumbani watu pia husema mambo ambayo kaunta hayasemwi: kwamba asubuhi bibi alishampa mtoto maji ya mwarobaini, kwamba mzee anameza za presha siku kichwa kinapouma tu, kwamba mtoto alipopata degedege walianza kwa mganga wa kienyeji. Mhudumu asiyekunja uso atayasikia yote. Anayekaripia ataoneshwa kopo tupu safari ijayo. Ni vema pia wawili wa kitongoji wawe mwanamke na mwanamume, kwa sababu maswali ya mjamzito hayaulizwi kwa yeyote tu.

*Maswali.* Hapa njia hii inaongoza. Mhudumu anaweza kumwambia mlezi, "Mama Neema, hebu niandalie ORS nikiwa naona," akagundua kwamba lita moja ya nyumba ile ni jagi la lita mbili. Tatizo la kijiko pia linaonekana hapohapo: kijiko cha chai cha nyumbani hakilingani na kipimo cha mililita 5 kinachokuja na chupa.

*Gharama.* Ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kuna mafunzo, posho, baiskeli au nauli, vocha, vitendea kazi. Kenya, mwaka 2023, iliamua kuwapa wahamasishaji wake wa afya ya jamii mikoba ya vifaa na posho ya kila mwezi, baada ya miaka mingi ya kutegemea kujitolea. Kijiji kinachofikiri kuwa mhudumu ataendelea kwa moyo tu kitampoteza msimu wa kilimo ukianza.

*Inapoharibika.* Mhudumu ameshapewa chanjo, lishe, kifua kikuu, wajawazito, vyoo. Ukimwongezea dawa bila kumpunguzia kingine, atapita mlangoni, ataandika jina, ataondoka. Hatari nyingine ni watu kumgeuza duka: wanamwomba dawa, na asipokuwa nazo wanamwona hana maana. Mwambieni tangu mwanzo aseme alichokuja kufanya.

*Mtajuaje.* Rahisi: anarudi baada ya miezi mitatu na kuomba kopo lilelile.

*Inawafaa* vijiji vyenye kaya zilizotawanyika, vilivyo mbali na duka lolote la dawa, na vyenye mazoea ya kugawana dawa kati ya nyumba na nyumba. Inawafaa pia wenye wazee wengi wanaomeza dawa za kudumu.

Njia ya pili: duka la dawa muhimu kuwa darasa

*Inafika wapi.* Maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi ambayo yaliruhusiwa dawa chache tu lakini kwa vitendo yaliuza karibu kila kitu. Wazo lilikuwa la busara: watu wa vijijini wanaenda dukani kabla ya zahanati, basi duka liboreshwe, mtoa dawa apewe mafunzo, na aruhusiwe orodha maalumu yenye baadhi ya antibayotiki na dawa mseto. Usimamizi sasa uko kwa Baraza la Famasi. Kwa hiyo panapofunguliwa duka halali, pana mtu aliyesoma kitu kuhusu dawa, anayefungua jioni na Jumapili.

Kinachofundishwa pale kinafundishwa saa yenyewe ya kumeza. Mgonjwa ana fedha mkononi na dawa mbele yake. Sentensi tatu za mtoa dawa wakati huo zinakumbukwa.

*Anaaminiwa?* Anaaminiwa sana, na hapa lazima tuwe wakweli: anaishi kwa kuuza. Akisema "mafua haya hayahitaji antibayotiki, kapumzike, kunywa maji," amepoteza mauzo, na mteja anaweza kuvuka barabara kununua kwa mwingine. Simlaumu. Mtu amekuja na shilingi elfu moja, dozi nzima ni zaidi ya hapo, na anasema "nipe za hiyo hiyo elfu." Akikataa anaonekana hana utu; akikubali ameuza nusu dozi. Mkitaka mtoa dawa afundishe, mtoeni kwanza kwenye mtego huo.

Kuna njia za kumtoa. Serikali ya kijiji na wenye maduka wote wakubaliane kwa pamoja kutokata dozi za antibayotiki na mseto, ili anayekataa asiwe anamzawadia jirani yake mteja. Vikundi vya VICOBA, vya kuweka na kukopa, vina mfuko wa jamii. Kikundi kikiamua kwamba mfuko huo unaweza kukopesha tofauti ya bei ya dozi kamili, kisingizio kikubwa cha nusu dozi kimeondoka. Hili la mwisho nalipenda kuliko bango lolote, kwa sababu linatibu sababu yenyewe. Watu wengi wanaomeza nusu dozi wanajua kabisa kwamba ni nusu.

*Maswali.* Yanawezekana duka likiwa tupu. Siku ya gulio, foleni ikiwa mlangoni, hakuna anayeuliza habari za mimba yake mbele ya shemeji. Kona ndogo yenye pazia inasaidia sana. Pia anayenunua mara nyingi siye anayeumwa: katumwa mtoto, katumwa bodaboda. Maelezo yote yanaishia kwa mtu ambaye hatayafikisha. Dawa yake ni bahasha iliyoandikwa kikamilifu: jina la dawa, ni ya nani, vidonge vingapi, saa ngapi, siku ngapi, na mstari mmoja wa dalili ya kukimbilia zahanati. Ile alama ya 1x3 peke yake haitoshi. Kwa wasiosoma, picha ya jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi zinaeleweka.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote kuendesha. Bahasha zilizochapwa, vikaratasi vya rufaa, kikao kimoja kila baada ya miezi michache kati ya watoa dawa na mganga mfawidhi. Duka lipo, kodi inalipwa na mwenyewe.

*Inapoharibika.* Njia hii inawaacha nje wale wasiofika dukani: wanaotumia za jirani, wanaonunua kwenye duka la kawaida panadol ikiwa kati ya sabuni na chumvi, na wanaonunua mnadani. Pia mara nyingi aliyepata mafunzo siye anayekaa dukani. Unamkuta mdogo wake, aliyeachiwa funguo. Kabla ya kuwekeza hapa, nendeni dukani saa tofauti za siku mwone nani anauza.

*Mtajuaje.* Mpango wa vikaratasi unajipima wenyewe. Mtoa dawa anampa mwenye dalili ya hatari karatasi ya rufaa, zahanati inaihifadhi ikipokea, na mwisho wa mwezi zinahesabiwa. Karatasi zikitoka dukani na hazifiki zahanati, mmepata swali jipya la kuuliza: ni umbali, ni nauli, au ni lugha ya wahudumu wa zahanati yenyewe?

*Inawafaa* vijiji vya barabarani na senta za biashara, ambako karibu kila dawa inapita kaunta. Inawafaa pia wenye fedha kidogo sana na mganga mfawidhi anayeelewana na wenye maduka.

Njia ya tatu: redio

*Inafika wapi.* Kote, na kwa mara moja. Inamfikia mfugaji aliye porini na mifugo, mvuvi kambini, mwanamume ambaye hapatikani nyumbani mhudumu akipita. Redio za jamii zina faida ya lugha pia. Ile ya Orkonerei, kutoka Terrat huko Simanjiro, ilijijengea wasikilizaji kwa kusema na Wamaasai kwa Kimaa pamoja na Kiswahili, na bibi ambaye Kiswahili cha dawa kinampita huwezi kumfundisha kwa njia rahisi zaidi.

*Anaaminiwa?* Redio inaaminiwa, na hilo ni baraka na hatari. Kipindi cha mganga wa wilaya kinaweza kufuatiwa na tangazo la dawa ya chupa inayotibu presha, kisukari, ngiri na nguvu za kiume, kwa sauti ileile, kwenye kituo kilekile. Kabla ya kulipia muda wa hewani, ulizeni kituo kinatangaza nini kabla na baada ya kipindi chenu.

*Maswali.* Simu zinapigwa, lakini jibu la dawa hewani ni gumu. Msikilizaji akiuliza mtoto wake ampe vidonge vingapi, mtangazaji hajui uzito, hajui kama amepimwa, na wasikilizaji wengine mia wanaandika jibu hilo kwa ajili ya watoto wao. Kanuni iwe moja: redio isitaje dozi ya mtu. Inafundisha dalili za hatari, inafundisha kupima kwanza, inabomoa imani potofu, inawapa watu maswali ya kwenda kuuliza dukani.

Kwenye kueleza usugu wa dawa redio ina nguvu ya pekee, kwa sababu ina sauti za wazee. Waliokuwa watu wazima miaka ya 90 wanaikumbuka klorokwini, jinsi ilivyowasha mwili mzima, na jinsi malaria ilivyoanza kuishinda hadi nchi ikaiacha mwaka 2001 na kuhamia dawa nyingine ya malaria, SP. Nayo SP haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja mseto. Mzee akisimulia hayo, kijana anaelewa kwamba dawa inaweza kuzoewa na vimelea, na kwamba si jambo la kutishwa tu kwenye bango. Kituo kinaweza kupanga vipindi hivyo wiki ya kuhamasisha kuhusu usugu wa dawa, tarehe 18 hadi 24 Novemba, ambapo wataalamu wa wilaya hupatikana kwa urahisi zaidi.

*Gharama.* Kwa kila msikilizaji ni ndogo. Kwa jumla yake inaumiza, na ukikoma kulipa kipindi kinakoma.

*Inapoharibika.* Kusikia si kutenda, na Tanzania tuna somo letu wenyewe kuhusu hili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipitia Radio Tanzania na kuwashirikisha watu wazima wapatao milioni 2. Haikuwa vipindi peke yake. Watu walikaa katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyeandaliwa na kijitabu mkononi, wakasikiliza, wakajadiliana, wakaamua watakachofanya kijijini kwao, wakaenda kuchimba vyoo. Ukiondoa vikundi, inabaki sauti inayopita mtu anapopika. Kwa hiyo mkichagua redio, hesabuni na gharama ya vikundi: kikundi cha VICOBA, kwaya, akina mama wa kliniki, kijiwe cha bodaboda. Watu 10 na redio moja, kisha robo saa ya mazungumzo.

*Mtajuaje.* Ni vigumu. Idadi ya simu haisemi kitu kuhusu kinachomezwa. Vikundi vikiwepo, viongozi wao wanaweza kuuliza maswali matatu yaleyale mwanzoni na mwishoni mwa mfululizo.

*Inawafaa* asasi zinazohudumia vijiji vingi au wilaya nzima, jamii zinazohama, na sehemu zenye redio yenye lugha ya pale. Kijiji kimoja peke yake sioni kwa nini kilipie redio.

Njia ya nne: shule

*Inafika wapi.* Karibu kila kaya ina mtoto wa shule, na mtoto huyo ndiye anayetumwa dukani. Mara nyingi pia ndiye msomaji pekee wa nyumba yenye bibi na wajukuu.

*Anaaminiwa?* Kwa kusoma, ndiyo. Kwa kuamua, hapana, na isiwe hivyo. Mtoto wa darasa la sita akimwambia baba yake aache kunywa diklofenaki ya mgongo, kuna nyumba atasikilizwa na kuna nyumba atachapwa. Mpeni kazi inayolingana na umri wake: asome tarehe ya mwisho, asome jina na maelezo ya bahasha kwa sauti, azijue dalili za hatari za mdogo wake, ajue nani wa kumwita. Dozi zisiingie darasani. Mtoto asifanywe daktari wa nyumba.

*Maswali.* Watoto wanauliza vizuri na bila aibu, ila mwalimu si mtaalamu wa dawa. Muuguzi wa zahanati apite mara moja kila muhula kujibu yaliyokusanywa.

*Gharama.* Karibu na bure, ukiacha muda wa mwalimu anayesimamia afya ya shule, ambaye tayari ana vipindi vyake. *Inapoharibika:* likizo ndefu, mwalimu kuhamishwa, na ukweli kwamba watoto wa chini ya miaka mitano, ambao dawa mbaya inawaumiza zaidi, wako mikononi mwa mama zao ambao hawapo darasani. *Mtajuaje:* kila mwanafunzi aeleze nyumbani, kisha aandike aliulizwa nini na wazazi. Majibu hayo yanafundisha kamati mengi.

*Inawafaa* vijiji vyenye wazee wengi wasiosoma, na kamati inayoweza kusubiri. Kama njia pekee, siipendekezi kwa yeyote.

Kulingana na hali yenu

Kabla ya kuchagua, tumieni wiki moja kuuliza swali moja kwa kaya chache za kila kitongoji: "Mara ya mwisho mtu wa humu kuumwa, dawa ya kwanza ilitoka wapi?" Muulizaji asiwe mganga wala mwenye duka. Majibu hayo yatamaliza zaidi ya nusu ya ubishi wa kikao.

Wengi wakisema ilitoka nyumbani au kwa jirani, fedha iende kwa wahudumu wa afya, na ikitosha kidogo tu, waanze na kaya zenye watoto wa chini ya miaka mitano na zenye wazee wanaomeza dawa za kudumu. Afadhali vitongoji viwili vitembelewe mara mbili kuliko vyote kupitwa mara moja.

Wengi wakisema dukani, anzeni na makubaliano ya kutokata dozi, bahasha zinazosomeka na karatasi za rufaa. Muungeni mkono mtoa dawa hadharani kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti aseme kwa sauti kwamba siku mtoa dawa atakapokuambia nenda zahanati anakutendea wema. Kama duka lenu halina mtoa dawa aliyesomea, au halina kibali, hilo lipelekwe kwanza kwa mfamasia wa wilaya, msilifanye darasa.

Wengi wakisema mnadani au kwa wauzaji wanaopita, elimu peke yake haitatosha. Mnada una ushuru na una msimamizi, kwa hiyo kijiji kinaweza kukataza dawa kuuzwa juani kwenye turubai. Wakati huohuo jiulizeni kwa nini watu wananunua pale: huenda duka la karibu liko kata nyingine.

Mkiwa asasi yenye vijiji 20 au 30 na jamii ya wafugaji au wavuvi, redio pamoja na vikundi vya wasikilizaji inawafikia wengi kuliko miguu yenu. Tengeni fedha ya viongozi wa vikundi kabla ya kulipa muda wa hewani.

Zahanati ikiwa karibu na watu bado hawaendi, msikimbilie kufundisha. Ulizeni kwanza kama vipimo vya malaria vipo mwezi mzima, kama dawa zipo, na kama mtu anayefika saa tisa alasiri anapokelewa. Mama aliyekuta mlango umefungwa mara mbili ataenda dukani mara ya tatu, na yuko sahihi.

Na kama hamna fedha kabisa, kuna siku mbili ambazo watu wameshakusanyika bila gharama yenu: siku ya kliniki ya watoto na siku ya kikundi kuweka hisa. Muuguzi aombe dakika 15 kila siku hizo, somo moja kila mara. La kwanza liwe dalili za hatari za mtoto, na kabla ya kuondoka kila mmoja azitaje mbele ya mwenzake.